Mtoto Hukulia Nje

Kabla sijamwona mjamzito hata mmoja, niliwasikia. Krup, krup, krup, nyuma ya pazia la korido, kama watu wanaotembea juu ya kokoto. Ilikuwa asubuhi yangu ya kwanza kazini, katika kituo cha afya kimoja huko vilimani Kisarawe. Muuguzi Mfawidhi, aliyetuongoza wauguzi wote, alisimama akasikiliza pamoja nami.

"Unajua wanatafuna nini?"

"Karanga?"

Akaguna. "Pemba. Ule udongo mkavu unaouzwa sokoni. Unadhani wanakula udongo, binti? Wanakula damu yao wenyewe."

Akavuta pazia. Wanawake waliokuwa kwenye benchi wakaficha mikono ndani ya kanga, mashavu yametuna kama ya watoto wa shule.

Hivyo ndivyo nilivyoanza ukunga, na hofu iliyoniingia asubuhi ile haikunitoka. Wenzangu wengi waliogopa chumba cha kujifungulia. Mimi niliogopa miezi ya kabla yake, ambamo hakuna anayepiga kelele. Damu ikipungua, malaria ikirudi rudi, mimba ikishika mama angali ananyonyesha, jembe na kuni visipopumzika, mtoto hukonda gizani bila kulia. Akizaliwa hafiki kilo mbili na nusu, tunasema ana uzito pungufu. Si lazima awe njiti, yaani aliyetoka kabla ya wakati. Wapo wanaotimiza miezi yote, na bado ukimpokea mmoja wao unahisi umeshika kifaranga.

Baadaye nilihamishiwa Kibaha, kwenye zahanati moja upande wa Kongowe. Mganga Mfawidhi wa pale alikuwa mtu wa maneno machache. "Usiniletee wasiwasi wako, niletee kipimo," alizoea kuniambia. Kipimo chenyewe ni futi kamba, kama ya fundi cherehani: unaivuta kutoka mfupa wa kinena mpaka mimba inapoishia juu. Mtoto akikua, sentimita zinapanda.

Kwa Zuhura hazikupanda.

Ilikuwa mimba yake ya kwanza, na kila mara aliletwa na mama mkwe wake, Bi Tatu, mzaliwa wa Kisarawe. Nilipima, nikapima tena. Nikamuuliza jana yake alikula nini. Akamtazama mkwewe kwanza.

"Uji."

"Na mchana?"

"Uji."

"Jioni je?"

"Sista, mwache," Bi Tatu akaingilia. "Mtoto hukulia nje. Humo ndani awe mdogo, apite. Akishatoka nitamnenepesha mwenyewe mpaka mkimbie kumbeba."

Zuhura akacheka kidogo. Mimi sikucheka. Nikaanza hotuba yangu: mchicha, dagaa, maharage, mayai.

"Mwanangu Mwajuma alikula vyote hivyo," Bi Tatu akanikata. "Mtoto akawa mkubwa, akakwama. Sanda mbili, kaburi moja. Haya, niambie tena habari za dagaa."

Mfiwa unamjibu nini kwa dagaa? Nilikunja futi kamba, nikaikunjua, nikaikunja tena.

"Akila," nikasema polepole, "nitakwenda naye mwenyewe hospitali kubwa, kwenye chumba cha upasuaji. Hata akikwama, hatakwama mikononi mwako."

Bi Tatu akamshika Zuhura mkono, wakatoka. Lakini Zuhura alipokuja tena, alinong'ona kwamba siku hizi anapewa maharage.

Tulikuwa tumechelewa. Tumbo lilipanda shingo upande, na kila kliniki nilishusha pumzi kwanza ndipo nipime. Siku ya uchungu nilikwenda naye kama nilivyoahidi. Hakukwama. Alimzaa binti, miezi imetimia, ngozi inaning'inia miguuni kama soksi za kurithi. Sasa swali likawa moja tu: ataishi?

Tulimfunga kifuani kwa mama, ngozi kwa ngozi, tunaita kangaruu. Zuhura alipochoka, Bi Tatu alivua blauzi akampokea. Kitoto kikitulia mno, alikitikisa. "Pumua, mchoyo wee! Pumzi zenyewe za bure!" Hakuthubutu kusinzia, wala mimi sikuthubutu kumwambia asinzie.

Kilipumua. Kiliishi.

Sasa nimestaafu, na ninyi wakunga vijana mna mashine za kumwona mtoto angali tumboni. Nawaonea wivu. Ila sijaona mashine inayoonyesha anachokiogopa mkwe wa mjamzito, na bado nawaza matumbo ambayo leo hakuna aliyeyapima.

Juzi Bi Tatu alikuja nyumbani kwangu.

"Zuhura ana nyingine," alisema hata kabla ya kukaa.

"Hongera, dada. Mpe chakula."

"Ashibe?"

"Ashibe."

"Na safari hii nani atakwenda naye?"

"Wapo mabinti pale zahanati. Wanaijua kazi."

Aliukaza ushungi wake chini ya kidevu, akanyanyuka.

"Siwajui," alisema, akatoka, na mlango ukajifunga nyuma yake.