Kukagua Nyumba Isiyo na Mwenyewe

Mume wangu aliponiacha, nilirudi Lindi nikakaa kwa kaka yangu, mtaa wa Mtanda. Sikunyanyaswa. Wifi yangu alinipakulia vizuri na watoto waliniita shangazi. Lakini nilipoingia ukumbini mazungumzo yalikatika, na nilipotoka yakaendelea. Nikatamani mlango wangu mwenyewe, hata kama nyuma yake hakuna mtu.

Ndipo mpiga mbiu alipotangaza sokoni kwamba nyumba moja huko Mitwero, nje ya mji, itapigwa mnada. Mwenyewe aliihama zamani, warithi wamesubiriwa hawakutokea. Anayeitaka aende kuikagua mchana, akiwa na dalali wa serikali.

Nilikwenda peke yangu. Dalali alisimama kizingitini, akanitajia masharti kwa ghibu.

"Mama, utatazama paa, kuta, kisima na mipaka. Usihamishe kitu, usifungue kilichofungwa. Ukinunua, umenunua na nyufa zake. Usirudi bomani kulalamika. Na tukikuta mtu anaishi humu, hapana mnada mpaka liwali amsikilize."

"Nimeelewa, mzee."

Makuti yalikuwa yameoza upande mmoja na ukuta wa mbele umevimba. Lakini chumba cha nyuma kilinikaa rohoni. Dirisha lake lilitazama mkorosho, na nilikwishaona kitanda changu kitawekwa wapi. Dalali alipotoka kutafuta alama za mpaka, mimi nikaingia jiko la uani. Palikuwa na mafiga na majivu. Nikainama, nikasogeza kiganja juu yake. Yalikuwa bado na moto.

Nilibaki nimechutama pale. Kisha nikaita.

"Mzee, njoo. Humu mna mtu."

Nyayo zilitoka jikoni hadi kibanda cha kuku; dalali akazifuata, akapiga hodi. Akatoka bibi kizee, manyoya yamemganda kwenye kaniki.

"Shikamoo, bibi," nikamwamkia.

"Marahaba. Mmekuja kunitoa?"

Alikuwa mke wa mwenye nyumba. Mumewe aliondoka akimwambia amngoje, naye akangoja, na kila alipoona watu wa serikali alijificha.

Liwali alimsikiliza, akafuta mnada: nyumba yenye mke ndani haikuachwa, na bibi akae humo maisha yake yote. Nilifurahi kwa ajili yake, wallahi. Usiku, hata hivyo, nililala nikikiwaza kile chumba.

Baadaye nilikwenda kumjulia hali. Nilimkuta uani akipepeta mtama. Nilitumaini ataniambia nihamie kwake, tukae wawili. Sikuweza kulitamka mwenyewe, niliona haya.

"Unakaa na nani, mwanangu?" akaniuliza.

"Na kaka yangu, mkewe na watoto."

"Alhamdulillahi. Una watu."

Nikaitikia kwa kichwa. Akaendelea kupepeta, makapi yakiruka na upepo. Nikaaga, nikashika njia ya Mtanda. Mwaka ule hapakutangazwa nyumba nyingine, nami sikuuliza.