Vipimo vya Latifu vya Mwezi wa Aprili

Tarehe 14 Aprili 2023, siku ya Ijumaa, Maulida Kondo, fundi cherehani wa Tangini mjini Kibaha, alimpima kijana mmoja anayeitwa Latifu Husseini suruali ya suti: kiuno inchi thelathini na tano, paja ishirini na tano, urefu arobaini na moja.

Daftari lipo. Kila mteja wa Maulida ana ukurasa wake: vipimo, tarehe, kipande cha kitambaa kilichobanwa kwa pini, na chini kabisa sahihi ya mteja siku aliyochukua nguo. Kitambaa cha Latifu ni cha bluu iliyoiva, chenye mistari myembamba. Alipokuwa akipimwa ulikuwa mwezi wa Ramadhani, naye alisimama wima kwa miguu yote miwili na kulalamika.

"Dada, niongezee inchi mbili. Huu ni mwili wa mfungo. Ukishona hivi, Idi ikifika nitapasua."

Maulida alimwongezea moja. Suti ilichukuliwa tarehe 27, na keshokutwa yake Latifu akacheza kwenye harusi ya dada yake mpaka koti likalowa mgongoni. Maulida alikuwepo na alimwona. Mambo hayo hayakuwa na uzito wowote kwa mtu, na yangebaki hivyo kama Maulida asingevunjika mguu.

Alivunjika Septemba ya mwaka uliofuata. Alikuwa Visiga kupeleka sare za shule, akivuka Barabara ya Morogoro, bodaboda ikamgonga mguu wa kushoto. Mfupa wa muundi ulivunjika, akafungwa hogo la plasta kuanzia juu ya paja hadi kwenye vidole, wiki nane. Hospitalini, mtaalamu wa mazoezi ya viungo aliyeitwa Efrazia alimfundisha kazi moja tu ya kufanya akiwa amelala: kubana msuli wa paja ndani ya hogo, kuhesabu mpaka kumi, kuachia. Mara mia kwa siku.

"Mguu usiotumika unakonda hata kama unakula vizuri," Efrazia alimwambia. "Sasa hivi huwezi kutembea. Kubana unaweza."

Maulida alibana siku kumi na mbili. Siku ya kumi na tatu Latifu akaja kumwona mgonjwa. Wakati huo alikuwa ameacha kazi ya kuuza simu dukani na anauza vidonge vya mafuta ya samaki, chupa nyeupe zenye picha ya samaki anayeruka. Alikaa kwenye ukingo wa kitanda, akampa pole, akaweka chupa mbili juu ya mto.

"Nani kakwambia ubane? Mfupa unataka utulivu, dada. Mimi mwenyewe nilivunjika paja, najua. Mafuta haya yanaulisha msuli wewe umelala. Tulia kabisa, meza mbili asubuhi, mbili jioni."

Hakushikiwa panga. Kubana kulikuwa kunauma, na aliyekuwa akimwambia aache alikuwa kijana anayemfahamu, mwenye sauti ya upole. Akaacha. Akameza vidonge kwa wiki sita, bila kuruka hata siku moja.

Hogo lilipokatwa, Maulida aliomba futi yake ya kushonea kabla hata ya kuomba maji ya kunawa. Paja la kulia, inchi ishirini na moja na nusu. La kushoto, kumi na nane. Alirudia kupima mara tatu, kama anavyofanya kitambaa kikiwa ghali. Paja lilikuwa limelegea, ngozi inaning'inia. Wiki mbili baadaye alijaribu kukaa kwenye cherehani chake. Ni cha miguu, na mguu wake wa kazi ni wa kushoto. Alikanyaga mara saba, mara ya nane mguu ukatetemeka ukateleza nje ya kanyagio. Sare za Januari zikashonwa na jirani yake wa kibarazani, Biubwa, na Maulida akawa anakata vitambaa tu, ameketi.

Efrazia hakuyasema vibaya mafuta yale. Alisema si sumu. Alisema zipo tafiti ndogo zilizoona kwamba huenda yakapunguza kidogo upotevu wa msuli mguu ukiwa umefungwa, na nyingine hazikuona kitu. "Lakini sijasoma hata moja," aliongeza, "iliyomwambia mgonjwa aache mazoezi. Hayo kakwambia nani?"

Aliyemwambia akatokea kwenye simu ya Biubwa. Ilikuwa video fupi. Latifu, amevaa suti ya bluu yenye mistari myembamba, anazungumza na kamera: "Ndugu zangu, Aprili 2023, mwezi mzima, mimi nilikuwa kitandani. Hogo mpaka kiunoni. Paja langu lilibaki kama mkono wa mtoto."

Maulida aliitazama mara mbili. Kisha akaomba apewe daftari la mwaka ule.

Biubwa alitaka wamsute siku ileile, na kwa utaratibu kamili. "Khanga sare, wanawake ishirini, ngoma, mpaka mlangoni kwa mama yake. Akitoka ndani ana mvi."

"Ngoma itafanya watu wacheke, wasahau tarehe," Maulida alisema. "Halafu siendi kumsuta mtu nimeegemea fimbo. Ataniita mgonjwa mwenye uchungu. Nitakwenda kwa mguu huuhuu."

Kwenye kapu la mabaki alikuwa bado na kipande cha kitambaa cha suti ile. Akakishona mfuko mrefu, akaujaza mchanga wa kilo moja, baadaye kilo mbili, akaufunga kwenye kifundo cha mguu. Kila asubuhi alikaa kwenye kiti kibarazani akaunyoosha mguu na kuushusha, mara mia, kwa hesabu yake mwenyewe.

"Latifu moja. Latifu mbili. Latifu tatu."

Wateja wa asubuhi walidhani ni dhikri. Kila Ijumaa alipima na kuandika. Desemba, kumi na nane na nusu. Machi, kumi na tisa na nusu. Mwezi wa tano, ishirini, na cherehani kikarudi mikononi mwake. Latifu alipopita akamwona anakanyaga, alipiga makofi.

"Si nilikwambia, dada? Mafuta yanachelewa lakini hayakosei. Nikuombe ushuhuda basi. Nina mkutano Kisarawe mwezi ujao. Wale ni watu wa kwenu, wakikuona wewe wataamini."

"Nitakuja, mdogo wangu," Maulida alisema bila kuinua macho kwenye mshono. "Nitakuja na ushahidi."

Bado angeweza kughairi na kungoja hata mwaka mwingine. Lakini wiki moja kabla ya mkutano alikwenda Kisarawe kumjulia hali mjomba wake, Mzee Mwinyimadi, aliyeteleza shambani akavunjika mguu. Alimkuta amelala chali, hogo juu ya mto, chupa tatu nyeupe dirishani.

"Shikamoo mjomba. Wamekufundisha mazoezi?"

"Marahaba. Walinifundisha, nimeacha," mzee alijibu, ameridhika. "Kuna kijana kanambia nisiusumbue mguu. Kasema hata wewe mpwa wangu umepona hivyohivyo. Kalitaja jina lako, nikanunua."

Maulida alivuta kiti, akaweka mkono juu ya paja la mzee palipoishia hogo, akamwambia, "Bana hapa. Hesabu mpaka kumi." Kisha akamwomba Jumapili abebwe aletwe mkutanoni, kwa kiti na yote.

Mkutano ulifanyika asubuhi katika ukumbi wa kukodi, viti vya plastiki, watu kama themanini. Latifu alikuwa na suti yake. Alisimulia habari ya Aprili 2023, kitandani, hogo mpaka kiunoni. Watu walimsikitikia. Kisha akanyoosha mkono. "Sasa mkaribisheni dada yetu, binti wa hapahapa."

Maulida alipanda jukwaani bila fimbo. Alikuwa akichechemea kidogo, na hakulificha hilo. Kwanza alisoma vipimo vya paja lake mwenyewe, mwezi kwa mwezi: kumi na nane baada ya wiki sita za vidonge bila mazoezi, ishirini baada ya miezi sita ya mfuko wa mchanga bila kidonge hata kimoja. Latifu akaanza kukohoa. Maulida akageuza ukurasa.

"Na hapa kuna mwingine. Aprili kumi na nne, elfu mbili ishirini na tatu. Latifu Husseini. Kiuno thelathini na tano. Paja ishirini na tano. Kitambaa chake hiki hapa." Akalinyanyua daftari na kulisogeza karibu na bega la koti. "Ndiyo suti hiyohiyo aliyovaa. Nilimpima amesimama kwa miguu miwili. Sahihi yake hii, Aprili ishirini na saba. Mdogo wangu, hogo lilikuwa wapi? Nililishonea mfuko?"

"Dada, kuna makosa ya tarehe..."

"Basi njoo nikupime tena. Futi ninayo."

Kicheko kilianzia nyuma. Mzee Mwinyimadi akainua mkono, na ukumbi ukanyamaza kwa heshima yake.

"Latifu, mwanangu. Mwezi huohuo dada yako aliolewa, na mimi Maulida alinileta kula pilau. Ulicheza kwa mguu wa nani?"

Latifu alicheka peke yake, akakusanya chupa zake. Watu kumi na saba walirudisha zao. Nje, karibu na pikipiki yake, alimwambia Maulida kwa sauti ndogo, "Umenimaliza, dada."

"Bado," Maulida alisema. "Paja langu halijafika ishirini na moja na nusu."

Hakuwa akitania. Wapo waliomwambia imetosha, kijana ameaibika mbele ya watu. Biubwa mwenyewe alisema hivyo, yeye aliyetaka ngoma. Maulida alimsikiliza, akaendelea kushona mfuko wa pili kwa kitambaa kilichobaki, mdogo zaidi, wa kumsubiri mjomba wake hogo litakapokatwa. Kwa sasa mzee anabana mara mia kwa siku. Hahesabu namba tupu. Amefundishwa jina la kutumia.

Jumamosi ijayo Latifu ana mkutano mwingine Visiga, saa nne asubuhi. Maulida ameshaulizia ukumbi. Atakaa kiti cha mbele, na daftari mapajani.