Kifua cha Shangazi

Mtaani walimwita Sindano, kwa wembamba wake na kwa ulimi wake. Alikuwa fundi cherehani, na wateja wake wengi walikuwa wajawazito: huyu amwachie mshono, yule amwongezee kitambaa. Roho ilimchoma kila alipowapima. Mtoto wake mwenyewe, njiti aliyezaliwa kabla ya wakati, alikufa kwa baridi nyumbani, amezungushiwa khanga, hata jina hajapewa. Tangu hapo mimba ya mwenzake ilimkaa kama mwiba wa samaki kooni.

Kisha mke wa kaka yake akashika mimba.

"Wifi, nishonee gauni pana," alimwomba.

Sindano akashona, ila kwapani akambana makusudi.

Mimba haijatimia, wifi akapatwa na kifafa cha mimba. Wakamkimbiza hospitali, akapasuliwa, akalazwa hajitambui. Mtoto alitoka mdogo kama kifaranga, na mashine ya joto ilikuwa moja tu, tena imeshajaa watoto.

"Huyu anataka kifua cha mtu," nesi alisema. "Ngozi kwa ngozi, usiku na mchana. Nani atambeba?"

Bibi mtu alikuwa anakohoa. Baba mtu habanduki kitandani kwa mkewe. Sindano akafungua vifungo.

Nesi akamlaza mtoto katikati ya matiti yake, akawafunga pamoja kwa khanga. Sindano alipousikia ule moyo mdogo unagonga, machozi yakamtoka, na hayakuwa ya huruma.

"Kumbe ni hivi tu? Mbona kwa wangu hakuna aliyeniambia?"

Nesi akamshika bega.

Mtoto akalishwa kwa mrija, akaanza kunenepa. Sindano akawa hata chooni haendi mpaka asukumwe. Wifi alipozinduka, neno lake la kwanza lilikuwa, "Mwanangu yuko wapi?"

"Nesi kasema upumzike kwanza," Sindano alidanganya. Kesho yake akadanganya tena, mpaka nesi mwenyewe akapita wodini.

"Mama yuko macho, na wewe bado umemng'ang'ania mtoto?"

Mtoto alipohamishiwa kifuani kwa mama yake, alilia. Sindano akafurahi, kisha akaona aibu kwa furaha ile.

"Ananikataa," wifi alisema, macho yamemwiva. "Anakutaka wewe. Umenichukulia mwanangu, wifi!"

Sindano aliyajua maneno yale. Ndiyo aliyokuwa akiyasema moyoni kwa kila mjamzito aliyempima. Yalikuwa yake, leo yametoka kinywani mwa mwingine.

"Umemshika kama sahani ya kuazima," Sindano alisema, akasogea. "Mbane. Sikio lilale juu ya moyo. Ehee, hivyo."

Mtoto akanung'unika kidogo, akatulia.

Sasa mtoto anatembea. Hushinda kwa shangazi yake, akivuta vitambaa na kumeza nyuzi. Lakini akianguka humlilia mama yake, na mama huja mbio. Hapo Sindano huinama juu ya cherehani, akakanyaga kwa nguvu mpaka asisikie anavyobembelezwa.