Magugu ya Kung'oa

Mwongoza wageni huyu hajui kutulia. Klaudia, dereva wake, ameshamzoea: gari halijasimama sawasawa, mwenzake keshashuka. Kwenye makaburi ya Wajerumani pale Bukoba huzungumza akiwa ameinama, ang'oe magugu, akung'ute udongo, afute maandishi kwa kiganja, utadhani waliolala humo ni wajomba zake. Kisha hao, mbio kwenye maporomoko! Lakini njiani, karibu na Rubya, kuna kibanja kimoja cha migomba ambacho kila wakikipita sauti yake hupanda ghafla, na kidole chake huwaonyesha wageni upande wa pili wa barabara.

Leo mgeni aliomba wasimame papo hapo apige picha. Mama mmoja akatoka migombani, mundu mkononi, akamwita mwongozaji kwa mshangao. "Waitu, mwanangu! Tangu mlipotuuzia kibanja hiki hujakanyaga hapa. Njoo umwamkie baba yako."

Alishuka taratibu, Klaudia hakuwahi kumwona akishuka hivyo. Kaburi lilikuwa nyuma ya nyumba. Akainama kama kawaida yake, vidole vikapapasa huku na huku, visipate hata jani moja la kung'oa.

"Huwa napalilia mwenyewe," mama alisema.

"Na huyu ni nani?" mgeni akauliza, kamera tayari.

Mwongozaji akajifuta kwenye suruali viganja visivyo na udongo. "Twendeni," alisema. "Mvua inakuja."

Klaudia alitazama juu. Hapakuwa na wingu hata moja.