Mfereji uliochimbwa kupita kiasi

Saa moja asubuhi, Dorotea Chenge yuko ndani ya mfereji, maji yamemfika magotini, anang'oa magugu na kuyatupa kando bila kuangalia yanaangukia wapi. Fungu moja nusura litue kwenye daftari la mwandishi.

"Samahani, ndugu. Ila ukisimama kwenye tuta langu ujue uko kazini," anasema, kisha anacheka.

Dorotea (48) ni mgawa maji wa mfereji wa Mwabulenga, Misungwi. Kila siku hutembea kilomita tatu, kutoka mtoni hadi jaruba la mwisho la mpunga, akifungua maji kwa zamu. Wakati wa mavuno kila mkulima humpa debe moja la mpunga.

Jaruba la mwisho ni la baba yake, mzee Chenge Machibya, aliyekuwa mmoja wa vijana waliouchimba mfereji huo. Ulimlisha yeye na watoto saba. Kisha tamaa ikaingia. Kila mwenye shamba akatoboa tuta mahali pake, ng'ombe wakanyweshwa humohumo, tope likajaa. Waliokuwa mwisho ndio waliokaukiwa kwanza.

Mzee Chenge akafunga virago, akahamia kwa mwanawe mwingine anayeishi Kiseke, jijini Mwanza, akiapa kutorudi mpaka maji yafike kwake.

"Baba yangu bila jembe ni mgonjwa," anasema Dorotea. "Kumwona amekaa tu kibarazani kuliniuma sana."

Miaka miwili iliyopita wanakijiji waliamua kuufufua mfereji, kwa desturi yao ya Kisukuma: makundi mawili, ngoma, nyimbo za kutambiana, na ng'ombe dume kwa watakaochimba zaidi. Walichimba siku tisa, na walichimba kweli. Mtu akisimama ndani, kilionekana kichwa tu.

Maji yalipofunguliwa, yalituama chini kabisa, majaruba yako juu yanayatazama.

Dorotea wakati huo alikuwa kibarua wa ujenzi Buhongwa, kwa shilingi 12,000 kwa siku. Alirudi na mpira mwembamba ambao mafundi huujaza maji kupimia usawa wa msingi, akaupima mfereji hatua kwa hatua. Jibu lake halikumfurahisha mtu: udongo urudishwe.

"Na ng'ombe tulikuwa tumeshamla!" anakumbuka Nestory Paulo, kiongozi wa kundi lililoshinda. "Ushindi wako unafukiwa huku uliowashinda wanakutazama. Nilinuna siku mbili. Ya tatu nikachukua beleshi."

Safari hii hapakuwa na zawadi. Ng'ombe nao walitengewa mahali pao pa kunywea, pembeni.

Wiki iliyopita maji yalifika jaruba la mwisho. Dorotea akampigia baba yake simu.

"Shikamoo, baba. Maji yamefika."

"Marahaba. Usinichezee, mwanangu. Weka simu hapo niyasikie."

Akaishusha simu karibu na maji. Akairudisha sikioni. Kisha mzee akauliza kama jembe lake bado lina mpini.

Jumamosi hii anarudi nyumbani. Dorotea ameshaandaa kitalu, na miche imestawi vizuri, lakini amekataa katakata mtu yeyote kupanda kwenye jaruba lile, yeye mwenyewe akiwemo.

"Atapanda mwenyewe," anasema, akijifuta tope usoni. "Mimi nitakuwa kule juu, namfungulia maji."