Mlango wa Studio ya Salma

Siku yangu ya kwanza kazini, Mkurugenzi wa shirika letu la sanaa alinikabidhi funguo za studio za mtaa wa Ladywood, huku ughaibuni, na kanuni moja. "Msanii tunampa chumba, muda na utulivu," alisema. "Usimuulize anatengeneza nini." Loo! Mimi, ambaye jirani akitundika pazia jipya lazima nijue kalitoa duka gani! Nikaitikia vizuri, lakini moyoni nilijua hapo nimepatikana.

Kazi yenyewe tuliiita residensi: msanii anatoka kwao, anakaa kwetu miezi mitatu akifanya kazi yake, kisha inafika siku ya milango wazi, watu wanaingia kutazama. Nilianzia mapokezi, ofisini kwetu Newtown, nikawa msaidizi wa miradi, mwisho mratibu. Mratibu ndiye anayeandika maombi ya ufadhili, anayehangaikia viza, na anayejua fundi bomba anapatikana wapi Jumapili. Msimamizi wa Miradi alitaka ripoti fupi. Mwenyekiti wa Bodi alitaka picha tu.

Nikiwa mratibu ndipo alipokuja Salma, msukaji mikeka kutoka Pemba. Alikuwa ameacha ualimu kwa ajili ya kusuka ukili, na kwao walimcheka, ati hiyo kazi ya vikongwe. "Bi Rukia," aliniambia, "nikirudi mikono mitupu, nimekwisha."

Mnajua nilifanya nini? Nilimkirimu. Mgeni wetu, yuko peke yake kwenye baridi, nimwache hivi hivi? Nikapanga zamu: Jumatatu anakula kwangu Hodge Hill, Jumanne kwa dada mmoja wa Mombasa, Jumatano kwa mwengine, wiki nzima. Akina mama wakashindana kupika. Salma alikula, akashukuru, akarudi na vibakuli. Wiki ya saba niliingia studio kubadilisha balbu, nikaukuta ukindu wake umefungwa vilevile ulivyotoka Pemba.

"Salma, kulikoni?"

"Nisuke saa ngapi?" Akaanza kulia. "Mmenifanya bibi harusi. Nitakataaje, na nyinyi mnanipenda?"

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Nikaenda moja kwa moja kwa Mkurugenzi kumwombea mwezi mmoja zaidi.

"Viza hairuhusu," alisema. "Nani aliyemjazia siku zake?"

"Mimi."

"Basi nenda ukamrudishie zilizobaki."

Nikaweka kiti nje ya mlango wa Salma, nikawa nafanyia kazi pale, kompyuta mapajani. Akina mama walikuja na biriani, nikaipokea nikawarudisha. "Leo yuko bize, shoga." Mmoja akaniambia nimegeuka Mzungu, na iliniuma kweli. Ndani nilisikia ukindu ukichanwa, ukisukwa, siku baada ya siku. Nilikufa kwa hamu ya kuchungulia, lakini sikuchungulia.

Siku ya milango wazi, mkeka ulining'inia kutoka darini, umejipinda kama ganda la konokono, na hakuna aliyeona ulipoungwa. Watu wakanizonga: umesukwaje huu?

"Sijui," niliwajibu, kwa fahari kubwa. Siku ya pili yake Salma akapanda ndege. Leo ana karakana yake Chake Chake, na wanaomcheka wamepungua.

Mimi nimestaafu. Vijana wanaoingia kazi hii huniuliza siri yake, nami huwaambia walinde mlango wa msanii. Mwezi uliopita nikaona kanuni ya Mkurugenzi hainibani tena, nikampigia simu Salma. "Mwanangu, ule mkeka uliupindaje?"

Akanijibu kwa swali.

"Bi Rukia, mbona hukuniuliza siku ile? Nilikusikia ukiwaambia watu hujui, na wala hukuja kuniuliza. Nikasema basi, hakuupenda."

Miaka yote hiyo, jamani! Kanuni ile ni ya haki, bado nasema, ila hakuna aliyeniambia inakwisha lini. Nikavuta kiti, nikafuta macho.

"Niliupenda mno, mwanangu. Nisamehe. Haya, nianzie mwanzo, na usiruke kitu."