Sensa Iliyokufa Ikipata Moto

Siku ya kwanza nilipoingia gereji kule Nyakato, Msimamizi aliniangalia toka kichwani mpaka miguuni akaniuliza, "Mama, mumeo ni nani hapa?" Nikamwambia nimekuja kazini, mume wangu yuko nyumbani na ng'ombe wake. Mafundi wakaacha spana wakacheka. Mimi sikucheka. Shule niliishia darasa la nne, na umeme wa magari alinifundisha kaka yangu uani kwetu, kwa hiyo cheti sikuwa nacho. Msimamizi alinichukua kwa sababu mikono yangu ni myembamba, inapita nyuma ya injini bila kushusha kitu.

Ninyi mnaoanza leo mmekuta gari lina kompyuta. Sisi tulianza na kabureta. Ukikosa moto kwenye plagi unafuata waya na taa ya kupimia mpaka ukute palipokatika. Baadaye yakaja magari ya sensa. Sensa ni kijidude kinachopima jambo moja tu na kuipa kompyuta habari. Ile ya krenki, yaani mhimili mkuu wa injini, inakaa chini, ubavuni mwa injini, inasoma meno ya gurudumu linalozunguka. Ikinyamaza, kompyuta haijui kama injini inazunguka, basi haitoi moto wala haimwagi petroli. Stata italia mpaka betri iishe. Na ubaya wake, ikizeeka inakufa injini ikiwa ya moto, ikipoa inafufuka. Ukifika imeshapoa utaapa gari ni zima.

Kutoka Nyakato nilipelekwa tawi la Kisesa, nikafunga taa za malori hadi nikayachukia. Kisha Kamanga, ambako gereji ilikuwa na kibanda jirani na kivuko. Huko tulikuwa wawili wa umeme, mimi na Masanja, ambaye taa ya kupimia alifundishwa na mimi kuishika. Msimamizi alikuwa ametutangazia kwamba mmoja wetu atakuwa mkuu wa umeme wa matawi yote. Nilikitaka cheo kile. Sioni haya kusema.

Sasa, madereva wa foleni ya kivuko wana tabia moja. Wanafika injini ikichemka, wanazima kuokoa mafuta, boneti imefungwa, wanakwenda kunywa chai. Joto halina pa kutokea, linapanda. Hapo ndipo sensa iliyochoka inapokata roho. Ndivyo ilivyokuwa kwa pikapu ya Mama Neema, mfanyabiashara wa sangara. Kivuko kikafungua mlango, dereva wake akapiga stata, ikazunguka tu. Watu wa foleni dawa yao ni moja.

"Sukumeni!"

"Acheni," nikawaambia, "hii ni otomatiki. Mtaisukuma mpaka Bukoba na haitawaka."

"Ee, na mayu naye fundi!" dereva akasema. Mayu kwa Kisukuma ni mama, lakini hakulisema kwa heshima.

Nikafungua boneti, nikamwambia apige tena stata huku nikitazama dashibodi. Mshale wa mizunguko ya injini ulilala kwenye sifuri, haukutikisika. Nikamgeukia Msimamizi, aliyekuwa amekuja Kamanga kutukagua, nikamnong'oneza. "Sensa ya krenki hii. Nipe kitambaa na maji ya ziwa niipoze. Ikiwaka, tumemkamata mwizi."

Mama Neema akasikia neno maji tu, akaja juu. "Samaki wangu wanaoza, wewe unataka kuogesha gari? Masanja yuko wapi? Leteni mwanaume."

Neno hilo lilitoka kwa mwanamke mwenzangu. Msimamizi akaniambia, "Mama Kulwa, pisha."

Masanja akafungua vichwa vya betri, akavikwangua taratibu kama anayemenya muhogo, akavirudisha. Muda wote huo boneti iko wazi, upepo wa ziwa unapuliza injini. Akageuza ufunguo, pikapu ikashika. Vigelegele!

"Vichwa vya betri vilikuwa vichafu," akasema.

"Ni upepo," nikasema. "Iacheni ipate moto, izimwe, muone."

"Mama Kulwa, gari limewaka," Msimamizi akanijibu. "Unataka liwake mara ngapi?" Foleni nzima ikacheka.

Nikamfuata dereva dirishani nimwambie asizime mpaka afike mjini. Akapandisha kioo. Ndani ya kivuko akazima. Upande wa Mwanza pikapu ikagoma, ikaziba njia ya walio nyuma, na jua likawamaliza samaki.

Mama Neema alirudi Kamanga akiwaka. Msimamizi akauliza nani aligusa gari lile, kana kwamba yeye hakuwapo. Masanja hakusita: "Wa kwanza kufungua boneti ni Mama Kulwa." Ni kweli, nilifungua. Zaidi ya hapo sikuachiwa kufanya kitu. Lakini ukweli huo mdogo ulitosha kunizika. Masanja akapewa ukuu, mimi nikarudishwa Nyakato, stoo ya vipuri, nikawa nawakabidhi sensa mpya watu wanaobahatisha, mpaka nikastaafu.

Mabinti wanaosomea ufundi wananijia wakitegemea niwaambie uvumilivu unalipa. Mimi haukunilipa. Ninachowaambia ni hiki: ugonjwa usimnong'oneze bosi, utaje mbele ya mwenye gari na mashahidi. Na gari lililowaka lenyewe usiliachie. Lipashe moto, lizime, liwashe tena. Wakikucheka, waache wacheke ufunguo ukiwa mkononi mwako.

Siku ya kuniaga walinipa seti ya sufuria. Masanja, ameshaota kitambi, akasimama akasema nilikuwa mama yao, nimewalea pale gereji. Sikumlea mtu pale. Nilifanya kazi. Wakaniuliza kama nina neno.

"Ninalo," nikasema. "Sensa ya ile pikapu ya Kamanga ilikuwa mbovu."

Mafundi wapya wakaulizana pikapu gani. Masanja akainamia soda yake. Mshereheshaji akasema, "Bibi yetu ana utani huyu!" akafungulia muziki, wakaanza kucheza.